Pua ya Sista Nekoye

Jumatatu, 16 Machi 1964

Mvua imeanza leo saa tisa alasiri, na mimi nimeanza daftari hili. Nililinunua niandike mapishi ya kina mama wa kanisa, lakini mapishi yenyewe nayajua kwa kichwa, kwa hiyo acha niandike ya kwangu.

Mimi ni Nekoye, muuguzi wa wodi ya chini hapa hospitalini Kisumu, mwaka wa kumi na moja sasa. Mgonjwa akiingia, kazi yangu ya kwanza ni kumnusa. Usicheke. Amri iliachwa na wakubwa wa zamani na haijafutwa: mgonjwa wa wodi ya chini akinuka pombe, muuguzi aandike jina lake kwenye kitabu chekundu, apewe maji na mkeka, na askari waje kumchukua akiweza kusimama. Wenzangu hukosea. Mwingine hudhani mafuta ya taa ni chang'aa. Mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe, kwa hiyo pua yangu ni safi, hainidanganyi. Leo nimenasa watatu. Mmoja alikuwa ametafuna kitunguu kizima. Nikamwambia, "Baba, kitunguu nakisikia, na kilichojificha nyuma ya kitunguu pia nakisikia."

Mzee Obiero, mhudumu wetu anayebeba wagonjwa na masinia, alicheka hadi akaegemea ukuta. "Nyathina, mwanangu, polisi wakikujua watakuajiri, wafukuze mbwa wao." Nilifurahi, sitasema uongo.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Viatu havikauki.

Jumanne, 24 Machi

Ameletwa Waliaula, mpagazi wa bandarini, mtu mwenye mabega mapana kama mlango. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, jasho linamtiririka, anajipangusa mikono akisema siafu wanampanda. Nilimnusa. Chang'aa, ya juzi hivi. Akaniomba, "Sista, nisaidie, hawa siafu wataniingia masikioni." Nikamjibu kwamba siafu hao wametoka chupani, awarudishe huko huko.

Nimemwandika kwa hati nzuri. Askari walimchukua jioni wakimshika kwapani. Sikumhurumia. Mtu mzima ana mikono yake miwili, na hakuna aliyempanua mdomo kwa nguvu.

Jumatano, 25 Machi

Ziwa limepanda tena. Kule Dunga wanawake wanalia, omena, dagaa wa ziwani, haikauki. Nimenunua kidogo tu kwa huruma, na inanuka.

Ijumaa Kuu, 27 Machi

Mzee Obiero ameniambia akifagia, bila kuniangalia. Waliaula alikufa kwenye seli jana alfajiri. Alishikwa na kifafa, akajigonga kichwa sakafuni, kisha akanyamaza. Mke wake yuko nyumbani upande wa Bungoma, bado hajaambiwa.

Nimesema mtu huvuna alichopanda. Mzee Obiero aliendelea kufagia pale pale pasipo na taka.

Ijumaa, 3 Aprili

Nimepelekwa wodi ya juu kwa wiki mbili, muuguzi wa huko anaugua. Hadi juzi juzi mlangoni paliandikwa "Wazungu". Siku hizi pameandikwa "Daraja la Kwanza", na rangi bado mpya. Vitanda ni kumi na moja, wagonjwa watatu, na wote ni wale wale wa siku zote. "Walibadilisha kibao," Mzee Obiero alisema tukipanda na sinia, "ngazi wakaiacha."

Mmoja ni Bwana Ferris, injinia wa meli za ziwani. Kadi yake inasema uchovu wa neva. Mke wake anasema Jumatano alizifungia chupa zote kabatini, akatia ufunguo kifuani, na leo alfajiri mumewe akaanza kutetemeka. Niliinama kumtengenezea mto, na pua yangu haikuniomba ruhusa. Wiski, ya juzi hivi. Na chini ya wiski, jasho lile lile la Waliaula. Akanishika mkono, akaniambia kwa Kiingereza niwaondoe siafu kwenye shuka.

Nikageuka kutafuta kitabu chekundu juu ya meza, kwa mazoea tu. Palikuwa na chombo cha maua.

Jumamosi, 4 Aprili

Nainakili hapa kadi ya Bwana Ferris, sijui kwa nini. Vidonge vya kutuliza kila baada ya saa sita, vipunguzwe kidogo kidogo hadi siku ya sita. Sindano ya vitamini asubuhi na jioni. Pazia lifungwe, asisikie kelele. Asiachwe peke yake, mtu akae naye na kumzungumzisha.

Jumanne, 7 Aprili

Bwana Ferris amekula yai. Siafu wamekwenda zao.

Alhamisi, 9 Aprili

Leo nimeuliza. Daktari Pell ni mtu mpole, hajawahi kunipigia kelele hata siku moja, na ndiyo sababu ilikuwa vigumu zaidi. Alikuwa ametoka kuketi na Bwana Ferris nusu saa nzima, akimwuliza habari za usingizi, habari za mke, habari za kwao.

"Daktari," nikasema, "kule chini alikuwako mtu anaitwa Waliaula. Alikuwa na ugonjwa huu huu."

"Yule alikuwa mlevi, Sista. Bwana Ferris ni mgonjwa."

"Siafu walikuwa wale wale."

Akavua miwani, akaifuta. "Dawa hii ni ghali, inaagizwa kwa ajili ya wodi hii. Tena Mwafrika mwili wake una nguvu. Akilala siku moja, pombe inamtoka. Tulifundishwa hivyo, na imekuwa hivyo siku zote."

"Waliaula alikuwa akibeba magunia mawili kwa mara moja. Alikufa kwenye seli."

"Sikuarifiwa," akasema, na namwamini. Angearifiwa na nani? Kitabu chekundu huenda polisi, hakipandi ngazi.

Nilishuka nikakaa kwenye chumba cha shuka hadi uso ukapoa. Nilikuwa na hasira naye. Kisha nikakumbuka ile hati yangu nzuri, na hasira ikakosa mahali pa kukaa.

Jumatatu, 13 Aprili

Bwana Ferris ameenda nyumbani. Amenipa mkono, umetulia kabisa. Si mtu mbaya, masikini. Amenishukuru mara tatu.

Jumapili, 19 Aprili

Nimerudi chini tangu juzi. Lakini habari kubwa ni ya kanisani: ndugu yangu Simiyu ameapa!

Simiyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Anafanya kazi karakana ya reli na anakaa Nyalenda. Amekunywa miaka sita, tangu mke wake alipomwacha, na tangu nimwone Waliaula na yule Bwana Ferris sijalala vizuri kwa kumfikiria. Nikasema huyu lazima akatiwe pombe leo kabla hajaanza kuona siafu. Kanisani kwetu mlevi anayetubu husimama mbele, hushika Biblia, na kuacha siku ile ile. Hatuna kupunguza. Anayepunguza tunamwita mwizi anayerudisha nusu ya mbuzi. Na mimi ndiye ninayeshika daftari la viapo.

Asubuhi alinibembeleza. "Dada, nipe mwezi mmoja nishuke polepole. Nikikaa nusu siku bila kuonja, mikono inacheza."

"Shetani hapunguzwi," nikamwambia. "Anafukuzwa."

Akasimama akaapa, akalia, na kina mama wakaimba hadi bati likajibu. Mama yetu angekuwa hai angecheza. Nimemwachia chungu cha maharagwe na Biblia yangu.

Jumatatu, 20 Aprili

Simiyu hajaonja. Ameniletea salamu kwa mwenzake. Asifiwe Bwana.

Jumanne, 21 Aprili

Wenzake wa karakana wamemleta Simiyu saa nne asubuhi kwenye mkokoteni, wamemfunika gunia kwa ajili ya mvua. Nikalifunua gunia. Alikuwa akitetemeka kama mtu wa homa, macho yamemtoka, anachuna shati lake kidole kwa kidole. "Dada," akasema, "waondoe. Wananiingia."

Nikainama nikamnusa. Mungu anisamehe, hata kwake nilinusa kwanza. Hakunuka kitu. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita ndugu yangu hanuki kitu, na anakufa mbele yangu.

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nacho mkononi wiki mbili nzima bila kukiona. Bwana Ferris hakutetemeka alipokuwa akinywa. Alitetemeka mke wake alipofungia chupa. Ndiyo maana kadi ya juu inapunguza kidogo kidogo, siku sita. Mwili uliozoea ukikatiwa ghafla unapiga mateke. Simiyu aliniambia kwa mdomo wake mwenyewe, mikono inacheza, nami nikamjibu habari za shetani. Ndugu yangu sikumtoa kwenye pombe, nilimsukuma kutoka juu ya paa.

Mzee Obiero alikuwa amesimama na kitabu chekundu. "Hanuki," akaninong'oneza. "Andika malaria, nyathina. Askari hawachukui malaria."

Ni kweli, hawachukui. Lakini dawa ya malaria ingemtazama tu akifa. Na nikisema ukweli, kwamba ni mnywaji aliyeacha, basi ni maji, mkeka, na seli. Wengine wakiandikwa niliona ni haki, sasa ni Simiyu naona ni mauaji. Mkuki kwa nguruwe mtamu, ndivyo walivyosema wazee, kwa binadamu mchungu.

Nilipanda ngazi mbio, nikamkuta Daktari Pell akinywa chai. Nikamwambia yote, kiapo na daftari langu pia. Sikulia, lakini sauti haikuwa yangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta kadi, akaandika jina la Simiyu, akaandika uchovu wa neva, akatia sahihi.

"Kwa kuwa ni ndugu yako," akasema. "Usilitangaze, Sista."

Nikamshukuru. Nilimshukuru mara nyingi, hadi mlangoni.

Jumatano, 22 Aprili

Simiyu ametulia kidogo. Amelala saa tatu.

Saa saba wameleta mwingine, Shitanda, fundi wa mashua kutoka Port Victoria, aliyekuja mjini kununua misumari akaishiwa nguvu sokoni. Anatetemeka vile vile. Ananuka. Nimemwandika kwenye kitabu chekundu, nifanyeje, na mkeka wake umetandikwa kando ya kitanda cha Simiyu kwa kuwa kwingine kote kunavuja. Alinitazama nikimpa Simiyu kidonge.

"Sista, hiyo ni ya nini?"

"Ya neva."

"Mimi sina neva?"

Nilijifanya naitwa.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Nimeleta ugali na kuku, Simiyu ameweza kushika tonge.

Ijumaa, 24 Aprili

Leo Simiyu amerudi nyuma. Mikono inacheza tena, jasho tena, na ni siku ya nne, siku ambayo Bwana Ferris alikuwa anasoma gazeti. Nikahesabu vidonge, viko sawa. Nikatazama chini kwenye mkeka. Shitanda, ambaye kwa haki yote angekuwa anapiga kelele, amelala kinywa wazi kama mtoto aliyeshiba.

Nikavuta pazia, nikamshika Simiyu kidevu. "Unatema dawa?"

"Sitemi. Nakata."

"Unakata nini?"

"Kwa meno. Nusu yangu, nusu yake." Alisema hivyo bila haya, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Nilitaka kumpiga kofi, mgonjwa na ugonjwa wake. "Simiyu, una wazimu? Ile dawa nimeipigia magoti!"

"Najua. Jana uliniletea ugali, tukala watu watano hapa, na wewe ulisimama ukitabasamu, ukasema Mungu abariki. Wodi hii hakuna anayekula akitazamwa. Leo nimeze mwenyewe na mtu analia siafu chini ya kitanda changu?"

"Dawa si ugali! Nusu haimponyi yeye, na wewe inakuua!"

"Basi lete nzima mbili."

Akafumba macho, na mikono yake ikaendelea kucheza juu ya blanketi. Nilikaa pale nikalia waziwazi, wagonjwa wote wakiniona, mimi mwenye pua. Ndugu yangu mlevi alikuwa amefanya kwa nusu kidonge kile ambacho mimi sikukifanya kwa kabati zima la dawa ambalo ufunguo wake ninao.

Jumamosi, 25 Aprili

Asubuhi nimejaza kadi mbili kwa mkono wangu, moja ya Simiyu na moja ya Shitanda, siku sita, vidonge, sindano, kila kitu kama ya Bwana Ferris. Mahali pa ugonjwa nimeandika ukweli: pombe, imekatwa ghafla. Nimechukua na kitabu chekundu, nikaviweka vyote mbele ya Daktari Pell.

Nikamweleza walivyogawana. Akakunja uso. "Basi simama hapo mpaka ndugu yako ameze. Mfungue mdomo utazame."

"Nitasimama kwa mmoja, daktari, na mwingine ananitazama kutoka kwenye mkeka. Siwezi tena. Tia sahihi kadi mbili. Au kama haiwezekani, andika jina langu kwenye kitabu hiki chekundu, uwape askari, kwa sababu ufunguo wa kabati ninao na leo nitaiba."

Nilidhani kazi yangu imekwisha, miaka kumi na moja, na nikashangaa kwamba sikuogopa sana.

Akasimama, akashuka nami. Sijawahi kumwona akishuka bila kundi la watu nyuma yake. Akachuchumaa kwenye mkeka, suruali ikaingia maji, akashika mikono ya Shitanda akaitazama, akamwinua kope.

"Amelala hivi tangu lini?"

"Tangu juzi jioni. Kwa nusu ya dawa ya mtu mwingine."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo alikuwa kama Bwana Ferris."

Kisha akamtazama Simiyu anavyotetemeka, akarudi kumtazama Shitanda aliyetulia, huku na huku. Nadhani alikuwa anasoma, kwa mara ya kwanza, kitu ambacho vitabu vyake havikuandika. Akatia sahihi kadi zote mbili juu ya goti.

"Chupa ya dawa haitafika Juni," akasema. "Wa juu wakihitaji, hapatakuwa na ya kutosha."

"Basi patakosekana kwa wote, daktari, tuagize kwa wote."

Hakusema ndiyo. Alisema kila mtu nimletee kadi yake, ataitazama, na haahidi kitu. Kitabu chekundu kimebaki mezani, hakukigusa na mimi sikukigusa.

Jumatatu, 27 Aprili

Askari wamekuja kumwulizia Shitanda. Mzee Obiero amewaambia yuko kwenye dawa na hawezi kusimama. Shitanda alijifunika shuka hadi kichwani.

Alhamisi, 30 Aprili

Simiyu amekula yai.

Jumapili, 3 Mei

Leo nimeaibika kanisani, na nataka kuandika kabla sijasahau ilivyokuwa.

Baada ya nyimbo, kijana mmoja fundi cherehani, Wakhisi, alisimama nyuma, macho mekundu, akasema ametubu na anaacha pombe leo. Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee wa kanisa akaniita nilete daftari la viapo. Nikasimama na daftari mkononi, nikafika mbele, na mdomo wangu ukasema:

"Wakhisi, usiache leo."

Vigelegele vikakatika. Mzee wa kanisa alidhani amesikia vibaya. "Mama Nekoye, umesemaje?"

"Nimesema asiache leo, wala asiache peke yake. Akikatiwa ghafla atakufa. Ndugu yangu nilimwapisha hapa hapa, kidogo nimzike. Mtu wa kuacha aje hospitali kwanza, apunguziwe kwa dawa, ndiyo aje kuapa."

Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu naye ameanza kunywa?" Watu wakacheka. Uso uliniwaka moto. Lakini Wakhisi hakucheka. Alikuwa amesimama pale pale, mikono ameificha makwapani.

"Hospitali?" akasema. "Kwako? Kila mtu anajua pua yako. Nikifika utaniandika."

"Nitakuandika," nikamjibu, "kwenye kadi, si kwenye kitabu. Twende."

Nikaweka daftari la viapo juu ya benchi, nikamshika mkono mbele ya kanisa zima, tukatoka mvuani. Alinuka, jamani, alinuka mpaka machozi yakanitoka, na njia nzima nilimshika hivyo hivyo, watu wakituchungulia kwenye vibaraza vya maduka. Nilipofika nilijaza kadi yake. Mzee Obiero akaichukua akapanda nayo ngazi. Wakhisi na mimi tukaketi kwenye benchi moja kungoja, maji yakitutiririka.

"Sista," akasema baada ya muda, "na daktari akikataa?"

"Akikataa nitakupeleka juu mwenyewe. Kuna vitanda tisa vitupu."

Akaanza kucheka, meno yakigongana, na mimi nikacheka naye.